Funguo Hazikumtoka Kiunoni

Tabia ameniuliza nianzie wapi. Kalamu anayo, karatasi anazo, amekaa kwenye mkeka wangu hapa Jang'ombe na mgongo ameunyoosha kama yuko mbele ya darasa. Nimemwambia aanzie kwenye funguo. Akasema maisha ya mtu huanza kwa kuzaliwa. Haya, mwalimu, tuanze kwa kuzaliwa, lakini tusikae huko sana.

Mimi ni Mize binti Pandu. Baba yangu alikuja Unguja kutoka bara akiwa kijana, akabeba magunia ya karafuu bandarini mpaka shingo ikazama mabegani. Alituzaa wawili, mimi na kaka yangu Muhiddin. Skuli akapelekwa Muhiddin. Mimi nikapelekwa jikoni kwa Mhindi mmoja wa mjini, alikokuwa akipika mama, nijifunze kwake. Muhiddin alisoma miaka minne, akaacha, akawa mcheza bao. Nafasi yangu ya skuli iliishia kwenye vishimo vya bao.

Niliolewa na Simai, mtu wa Tumbatu. Mwaka wa tatu akanipa talaka kwa kuwa sikuzaa, akaoa Nungwi akapata watoto saba. Mungu amkuzie. Mimi nilikwenda kutafuta kazi, na mwaka 1949 nikaipata katika Chuo cha Ualimu cha Kajificheni, pale Mji Mkongwe, nikiwa na miaka ishirini na mitatu.

Kilikuwa chuo cha wasichana. Madarasa yalikuwa chini, dakhalia, yaani bweni, ilikuwa ghorofani kwa wale waliotoka mashamba na Pemba, na katikati ya nyumba kulikuwa na behewa, ua wa ndani ulio wazi juu, lenye kisima. Jiko lilikuwa upande wa nyuma, na ghala la chakula lilikuwa chini ya ngazi. Nilianza kwa kuchota maji. Baada ya miaka mitano nilikuwa nimelishika jiko zima, nikipika mimi na mwenzangu Biasha, wa hapa hapa Jang'ombe.

Mkuu wa dakhalia alikuwa Bi Mwanakheir. Huyo alikuwa amesoma. Mikono laini, nguo zinanukia asumini, na kiunoni funguo kumi na nane katika pete moja ya chuma. Ulimsikia kabla hujamwona, kama paka aliyefungwa njuga. Kila asubuhi alifungua ghala, akapima mchele kwa kibaba, akapima sukari, akapima samli, akafunga. Mimi nilisimama nje na sufuria. Kwa miaka kumi na tano sikuvuka kizingiti cha ghala lile. Mtu anayepika hakuaminiwa kuona mchele unalala wapi.

"Mkono wa mpishi una ulimi," alikuwa akisema, yaani mkono wetu unaonja. Wasichana wakicheka. Na mimi nikicheka, kwani ningefanya nini?

Sasa tufike Januari ya mwaka 1964.

Ilikuwa Jumapili. Muhula ulikuwa unaanza kesho yake, na wasichana waliofika walikuwa kumi na mmoja tu. Mimi nililala chuoni usiku ule kwa sababu ya kuwapikia. Alfajiri tukasikia bunduki upande wa Ng'ambo. Nikapanda mbio kumwamsha Bi Mwanakheir. Nilimkuta ameshavaa buibui, viatu mkononi.

"Bi Mwanakheir, tufanyeje?"

"Fungeni mlango mkubwa," akasema. "Nnakwenda kumtazama mama. Narudi sasa hivi."

Alipita behewani mbio. Nilisikia zile funguo zikilia mpaka nje, mpaka kichochoro cha pili, halafu nikazisikia bunduki tu. Hiyo "sasa hivi" ya Bi Mwanakheir ilikuwa siku ya kumi.

Sisemi kwamba kuogopa ni dhambi. Na mimi niliogopa. Lakini aliondoka na funguo. Angeweza kuzivua akanirushia, ni jambo la kupumua mara moja. Hakuzivua.

Jikoni kulikuwa na mchele wa siku moja, nazi tatu na vipande viwili vya papa mkavu. Siku hiyo tukala. Siku ya pili wakanywa uji mwepesi, na jioni mtoto mmoja wa Pemba akaanza kulia njaa, analia huku amejiziba mdomo kwa mtandio asisikike nje. Nikachukua jiwe la kusagia viungo, nikaenda kwenye mlango wa ghala. Nilipiga kufuli mara nyingi, sikuhesabu. Kile chuma cha juu kikapinda, kikaachia. Nikasukuma mlango, nikavuka kizingiti. Magunia manne ya mchele yalikuwa humo. Sukari, dengu, samli. Vyote vimekaa kimya vinatutazama.

Kufuli nikalifunga kwenye kitambaa, nikaliweka. Kwa nini niliweka, sijui. Mtu asiyejua kuandika huweka vitu.

Siku ya tatu walikuja wanaume sita na mapanga, wakapiga mlango. Hapa niandikie vizuri, Tabia, kwa sababu hapa wewe umo.

Nilikuwa nimejitayarisha tangu jana yake, maana nilijua wanaotafutwa ni watoto wa wenye mali. Niliwavua wasichana sare zao na vipini vya dhahabu, nikawavisha kaniki na kanga zangu kuukuu na za Biasha zilizokuwa jikoni. Nikawapaka masizi ya sufuria mikononi. Nikawagawia nyungo na masinia, nikawakalisha behewani duara, kila mmoja na mchele wake. Usiku kucha nilikuwa nimewafundisha kuchagua mchele na kupepeta. Wasichana wanaojua hesabu za kugawanya, hawajui kuushika ungo.

Nikafungua mlango mwenyewe. Mkubwa wao akaniuliza, "Humu mna nani?"

"Wapishi."

Akatazama behewani. "Wapishi kumi na mbili? Mnampikia nani, jeshi?"

"Tutawapikia nyinyi mkipenda. Mchele upo, kitoweo hakuna."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alizunguka duara lile polepole, akisimama kwa kila mmoja. Alipofika kwa Tabia, akasimama zaidi. Tabia alikuwa na miaka kumi na saba, mweupe, baba yake ana duka la vitambaa, na ungo ameushika kwa ncha za vidole kama ameshika kitabu. Alipepeta mara moja, mchele wote ukamwagika chini.

Yule mtu akasema, "Huyu si mpishi."

Nilimrukia Tabia, nikamzaba kibao cha shavu kilicholia behewa zima. "Wewe mvivu! Mwezi mzima nakufundisha kazi! Mchele wa watu unaumwaga! Mama yako alinidanganya, kaniletea gogo kanambia mtoto!" Nikampiga cha pili. Nikamshika mikono, nikaibana kwenye ukingo wa ungo. "Hapa na hapa! Kiganja chini! Tikisa!"

Yule mtu akaanza kucheka mpaka panga likateremka. "Usimuue, mama," akasema. "Atajifunza." Wakaondoka.

Tabia anasema shavu lile lilivimba siku mbili. Ninajua. Mimi ndiye niliyelikanda.

Jioni ya siku ya nne tulipanda darini, tukauona mwezi wa Ramadhani umeandama, mwembamba kama ukucha. Wasichana wakafunga wote. Nikawapikia uji wa futari na dengu, tukifuturu kwa kutazama mbingu tu. Siku ya kumi mji ulipotulia, mlango ukagongwa, nikasikia funguo zinalia.

Bi Mwanakheir aliingia, akasalimu, akawabusu wasichana mmoja mmoja. Kisha akaenda moja kwa moja ghalani. Akatazama mlango, akatazama magunia. Hakuniuliza watoto wamekula nini. Aliuliza, "Nani kavunja?"

"Mimi," nikasema.

Mchana ule ule wazazi na jamaa walianza kuja kuwachukua wasichana wao. Mimi nilikuwa jikoni. Aliyekuwa mlangoni ni Bi Mwanakheir, naye ndiye waliyemshika mikono na kumlilia na kumwombea dua. Na yeye akazipokea zile dua zote, hakuikataa hata moja.

Baada ya wiki mbili akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi. "Mize, tia dole gumba hapa. Ni orodha ya vyakula vilivyotumika siku zile, ya serikali." Nikatia. Wino wa zambarau ulikaa kidoleni mpaka Idi.

Mwezi uliofuata nikaondolewa kwenye kupika, nikawekwa kuosha sufuria, mimi niliyelishika jiko miaka kumi. Niliuliza sababu. Nikaambiwa ni mabadiliko. Wakati ule kila kitu kilikuwa mabadiliko, nikaamini. Nimeosha sufuria miaka saba.

Mwaka 1971 ikaja habari kwamba chuo chetu kinavunjwa. Wao hawakusema kuvunjwa, walisema kuunganishwa. Chuo chetu na kile cha wanaume vitaungana, kiwe chuo kipya kikubwa huko njia ya Bububu, kupita Mtoni, na majengo mapya. Mimi nimeona wake wenza wakiunganishwa nyumba moja. Mmoja hupata chumba, mwingine hupata ukumbi. Nikamwambia Biasha, "Ngoja uone nani atalala ukumbini."

Majina ya wanaohamia yakasomwa. Bi Mwanakheir yumo, mkuu wa dakhalia mpya. Biasha yumo. Tabia yumo, maana wakati huo alishakuwa mwalimu pale pale chuoni. Bawabu yumo. Hata paka nadhani alikuwemo. Mimi simo.

Nilikwenda kwa Matar, karani. Huyu alikuwa kijana mwenye adabu, na alionekana anaona haya.

"Bi Mize, faili lako lina doa."

"Doa gani?"

Akafungua, akanisomea. Januari 1964, mpishi Mize binti Pandu alivunja ghala la chuo akatoa mchele, sukari na samli bila idhini, na amekiri mwenyewe. Akanigeuzia faili nilione. Maneno sikuyajua, lakini dole langu nililijua. Lilikuwa pale, la zambarau, na kale kakovu ka kisu katikati.

Nilikaa kwenye kiti cha ofisi bila kuambiwa nikae. Miaka saba nimepita mbele ya watu wale nikiwaamkia, na wao wakijua mimi ni mwizi, na mimi peke yangu sijui.

"Linafutika?" nikamuuliza.

"Aliyeandika akisema alikosea, linafutika. Lakini mafaili yanafungwa baada ya hafla ya kuagana. Yakishakwenda kwenye chuo kipya, yatakwenda kama yalivyo."

Hafla ilikuwa Alhamisi, siku sita mbele. Nilimfuata Bi Mwanakheir mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili akanambia, "Mize, mambo ya zamani hayo. Tusichimbe." Akapita, funguo zikilia.

Nikamfuata Tabia. Nilimkuta darasani anafuta ubao. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Kaseme."

Akafuta ubao uliokuwa umeshafutika. "Bi Mize, baba hayupo, duka halipo, nimebaki mimi na mama na mshahara huu. Na jina langu kwenye orodha kaliweka Bi Mwanakheir."

"Mimi nimekuuliza ulikuwepo au hukuwepo?"

Akasema, "Nitaangalia." Hilo ndilo jibu alilonipa. Aliandike hivyo hivyo.

Siku ya hafla behewa lilipambwa kwa makuti na vitambaa. Viti vilipangwa, udi ukafukizwa, halwa na kahawa vikapita. Wasichana walisoma kasida ya kukiaga chuo, wengine wakilia. Mkuu wa chuo, Bwana Mabrouk, alivaa kanzu mpya na sauti mpya. Akasema, "Leo hatuzimi taa, ndugu zangu. Tunaihamisha tu!"

Biasha akaninong'oneza, "Na mafuta ya taa yamo kwenye orodha? Maana mwenye kuwasha hayumo."

"Nyamaza," nikamwambia. Nilikuwa na kikapu mapajani, na ndani ya kikapu mna kufuli.

Kisha Bwana Mabrouk akamwita Bi Mwanakheir mbele. Akatoka na buibui ya hariri, funguo kiunoni. Ilikuwa imepangwa kwamba azivue mbele ya watu, azikabidhi, ziwe alama ya chuo cha zamani kuingia katika kipya.

"Mtazameni mama huyu," akasema Bwana Mabrouk. "Funguo hizi hazikumtoka kiunoni hata siku moja. Hata zile siku za misukosuko ya Januari, aliposimama peke yake katika nyumba hii akawalinda na kuwalisha mabinti kumi na mmoja. Funguo kiunoni, ndugu zangu! Hazikumtoka!"

Watu wakapiga makofi. Bi Mwanakheir akainamisha kichwa kama mwari.

Nikasimama. Miguu ilinipeleka yenyewe mpaka mbele.

"Bwana Mabrouk, umesema kweli," nikasema. "Hazikumtoka kiunoni. Alikimbia nazo. Ndiyo maana watoto walilala na njaa."

Makofi yakakatika. Nikatoa kufuli nikaliweka mezani, juu ya kitambaa cheupe. "Katika funguo hizo kumi na nane, mmoja hauna mlango. Kufuli lake ni hili. Ujaribuni."

Sijui kwa nini Bi Mwanakheir alizijaribu. Nadhani mkono wa mtu ukishika funguo na mbele yake pana kufuli, hauwezi kujizuia. Alijaribu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Behewa zima linatazama. Wa saba ukaingia, ukazunguka, ndani pakalia *taka*. Kufuli lile lenye chuma kilichopinda likamtii ufunguo wake baada ya miaka saba.

"Mnaona?" nikasema. "Kama mwenye ufunguo alikuwepo, kwa nini kufuli lilipigwa kwa jiwe?"

Nilidhani nimemaliza. Wallahi nilidhani dunia nzima imeona. Bwana Mabrouk alilitazama kufuli, akanitazama mimi, akasema kwa upole, kama anazungumza na mtoto: "Kwa hiyo, Bi Mize, unakubali kwamba ulilivunja."

"Nimekubali tangu siku ya kwanza! Nililivunja kwa mikono hii!"

"Basi hivyo ndivyo faili lako linavyosema."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mmoja tu, lakini cheko huambukiza. Nilikuja na ushahidi wangu kikapuni, nimeutunza miaka saba kwenye kitambaa, kumbe nimebeba hukumu yangu mwenyewe nikaiweka mezani.

Nikageuka. Tabia alikuwa amekaa safu ya pili. Nikamtazama. Kila mtu aliona ninamtazama nani. Akatazama kikombe chake cha kahawa.

Andika, Tabia. Kikombe cha kahawa. Usiandike "aliinamisha macho kwa huzuni". Mimi sikuona huzuni, niliona kikombe.

Bi Mwanakheir hakupoteza nafasi. Akainua mikono. "Ndugu zangu, leo tunaagana, na binadamu hukosana. Kila niliyemkosea, kwa kujua na kwa kutojua, namwomba radhi. Na aliyenikosea," akanigeukia, "mimi nimemsamehe."

"Tumesamehe! Tumesamehe!" wakaitikia wote, kama desturi ilivyo. Shekhe wa chuo akainua mikono kwa Fatiha.

"Mimi sijasamehe," nikasema.

Mikono yote ikabaki juu. Radhi huombwa kwa mtu na kwa jambo. Haimwagwi juu ya watu kama marashi ya harusini. Kila mtu pale analijua hilo, lakini kila mtu alitaka kwenda nyumbani.

"Bi Mize," Bwana Mabrouk akasema, sasa bila upole, "usituharibie dua."

"Ombeni. Mola si kiziwi, atazisikia zenu. Lakini haki yangu iko kwa huyu mwanamke, na mbele ya nyinyi nyote nasema sijamwachia."

Nikachukua kufuli langu nikatoka. Nyuma yangu Fatiha ilisomwa haraka haraka, kama watu wanaokimbia mvua. Kesho yake mafaili yalipakiwa kwenye lori. Jengo likapewa idara nyingine, behewa likawekwa madawati, kisima kikafunikwa kwa zege.

Baada ya miezi minne Bi Mwanakheir alikuja hapa Jang'ombe, mchana, na halwa na doti ya kanga. Alikuwa amekonda. Hospitali walimwambia atapasuliwa tumbo.

"Mize," akasema, "mimi nakwenda kulala kwenye kisu. Nipe radhi yako."

"Umenikosea nini?"

"Unajua."

"Mimi nnajua. Nataka kukusikia wewe."

Akaisogeza halwa mbele yangu. Kisha akatoa barua kwenye mkoba. "Nimekuandikia. Ukiipeleka kwa Matar utapewa kazi kule. Jiko lao kubwa."

Sikatai, moyo uliruka. Nilikuwa nauza vitumbua mlangoni, na vitumbua siku ikinyesha mvua huvila mwenyewe. Nikamwambia, "Nisomee."

Akasoma. Mize binti Pandu alikuwa mchapakazi, mtiifu, safi. Akaendelea, sauti ikashuka: "Na kosa lake la mwaka 1964, kwa kuzingatia utumishi wake, limesamehewa."

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Nani kamsamehe nani?" nikamuuliza. "Umekuja kwangu kuomba radhi, na mkobani umebeba msamaha wako kwangu?"

"Mize, ni namna ya kuandika tu. Serikalini huandikwa hivyo."

"Basi sikiliza namna yangu. Simama mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, useme: nilikimbia na funguo, Mize akawalisha. Ukisema hivyo, radhi umeipata kabla hujakaa."

Akaanza kulia. "Watu wale wako wapi, Mize? Chuo hakipo. Wengine wako Pemba, wengine wamevuka bahari. Mahali pale kuna madawati ya watu wengine. Nikaseme wapi?"

Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililoniuma zaidi. Waliponivunjia chuo hawakuninyima kazi tu. Walilitawanya baraza pekee ambalo jina langu lingeweza kusafishwa mbele yake.

"Kama baraza halipo," nikasema, "basi na radhi haipo. Halwa yako hiyo."

Alipasuliwa, akapona. Watu wakasema Mungu amemrehemu. Vizuri. Mungu hakuhitaji ruhusa yangu, nami sikumwomba amuue. Nilitaka aseme tu.

Matar nilimwona tena mwaka huu, sokoni. Nikamweleza. Akasema, "Bi Mize, karatasi haijibiwi kwa kelele. Karatasi hujibiwa kwa karatasi. Niletee maelezo yako, na shahidi aliyekuwepo atie saini. Mimi nitayaweka ndani ya faili, juu kabisa, na kila atakayelifungua ataanza na hayo." Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Shahidi! Mashahidi wangu walikuwa kumi na mmoja, na wote wana vikombe vya kahawa vya kutazama.

Jana mlango wangu ulibishwa. Mteja wa vitumbua, amehamia mtaa wa pili, sahani mkononi. Ni Tabia, hakujua muuzaji ni nani. Aliponiona, sahani ikataka kumtoka.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba." Salamu ni salamu. "Vitumbua sikuuzii. Ingia ndani. Kesho uje na kalamu."

Leo amekuja. Nimempa ungo kwanza, kabla ya karatasi, nikataka kuona. Kiganja chini, vidole ukingoni, mchele unaruka na kurudi, hakuna punje iliyoanguka. Mikono haikusahau. Kilichosahau ni mdomo.

Ameandika yote haya bila kubisha, ila mara moja. Pale penye kibao aliniuliza kama nilimpiga kwa nguvu vile kwa makusudi. Nilimwambia ndiyo. Na pale penye kikombe alisimama kidogo akafuta kalamu kwenye kanga, kisha akaandika.

Sasa ameniuliza kama mwishoni aandike kwamba nimemsamehe Bi Mwanakheir, ipendeze. Nimemwambia aandike bado. Akauliza, na yeye je? Nimemwambia atie saini kwanza, jina lake na la baba yake, na aandike kwamba alikuwepo. Akanambia, "Bi Mize, Bi Mwanakheir bado ndiye mkubwa wangu kule." Nikamwambia mwaka ule mtu mwenye panga alikuwa mkubwa wetu sote, na mimi nilifungua mlango.

Dole langu nshatia hapo chini. Safari hii karatasi nimesomewa kabla, mara mbili, neno kwa neno. Yeye bado ameshika kalamu. Anasema mkono umechoka. Nimemsogezea ungo, mchele wa vitumbua vya kesho haujachaguliwa bado. Aupumzishe mkono kwa kazi niliyomfundisha, halafu atie saini. Mimi sina haraka. Mlango nimeufunga, na ufunguo ninao kiunoni.